Vimelea Nilivyoviona Peke Yangu

Mwaka wa tatu wa shahada yangu ya sayansi ya maabara nilikuwa nimeshajitangaza kuwa fundi wa malaria. Wenzangu pale chuoni Tororo walikodolea macho hadubini mpaka machozi yakawatoka, wakitafuta kimelea kimoja tu. Mimi, kabla sijakaa vizuri kwenye stuli, nilikuwa nimepata vitatu. Mtihani wa kusoma slaidi, vile vioo vyenye tone la damu, ulipokuja nikamaliza wa kwanza, nikatoka zangu nje kununua chapati. Matokeo yakaja: nimefeli. Kati ya slaidi kumi, nne zilikuwa za watu wasio na malaria, na zote nne niliziandikia malaria.

Hasira niliyokuwa nayo! Nikasema hadubini ni mbovu, nikasema rangi ya kupaka slaidi ilikuwa imeharibika. Mwalimu wetu, bwana mmoja mwembamba ambaye hatukuwahi kuona meno yake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nitarudia mtihani mara moja tu, baada ya mazoezi ya hospitalini. Nikifeli tena, narudia mwaka mzima. Na mama alikuwa ameshaliambia soko zima la Busia kwamba bintiye anamaliza mwakani.

Mimi nimekulia kwenye meza ya viatu vya mitumba, upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpakani. Pale hakuna mfanyabiashara anayemwambia mteja kwamba kitu hakipo. Mtu akiuliza, "Mama, iko namba arobaini na tatu, nyeusi?" mama anajibu, "Iko, baba, keti hapa," kisha ananikonyeza, nami natoka mbio kwa jirani kuazima. Ukisema hamna, mteja anavuka zake upande wa Uganda na humwoni tena. Nilikua nikiamini kwamba kusema hamna ni uvivu. Nadhani nilienda na tabia hiyo mpaka maabara, ingawa wakati ule ungeniambia hivyo ningekununia wiki nzima.

Mazoezi nilipangiwa katika hospitali moja ya upande wa Uganda, chini ya mtaalamu wa maabara, mama wa Kisamia, mnene na mcheshi, aliyemwita kila mwanafunzi "musawo" kana kwamba tumeshakuwa madaktari. Siku ya kwanza nilimwonyesha slaidi niliyoiona imejaa vimelea. Akainama, akachungulia, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Musawo, dudu yako ni mingi sana! Huyu mtu angekuwa nakufa jana."

"Si ni hivi hapa, madam? Hivi vya zambarau?"

"Hiyo ni chafu ya rangi. Leta mkono." Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kile kigurudumu cha kusafishia picha. "Zungusha pole pole. Dudu ya kweli nalala pamoja na seli, mahali moja. Chafu yeye nakaa juu. Ukiona chafu vizuri, seli napotea. Umeona?"

Nikazungusha. Vile vidoa ambavyo ningeweza kuviapia vilielea juu peke yao, na kila vilipoonekana vizuri, seli zilififia chini. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu.

"Na kama hakuna kabisa?" nikauliza.

"Basi hakuna. Lakini kwanza hesabu mia."

Ndiyo kanuni ya kazi yetu. Ukiona kimelea kimoja cha kweli, unaandika kwamba kipo. Lakini kuandika kwamba hakuna, lazima upitishe macho sehemu mia moja za slaidi, moja baada ya nyingine. Wiki za kwanza nikifika sitini nilianza kuwashwa, naona kitu, namwita. Anakuja, anacheka, anarudi kwenye chai yake. Kufikia wiki ya sita alikuwa anakunywa chai yake mpaka inaisha, nami nilijivuna kwa hilo kuliko cheti chochote nilichowahi kupata.

Siku ya kurudia mtihani tulikuwa wanane. Slaidi kumi, dakika kumi kila moja. Nilikwenda vizuri mpaka ya saba. Kwenye sehemu ya themanini nikaona kipete kizuri cha zambarau chenye kidoa chake, umbo lilelile la kimelea cha malaria, mkono wenyewe ukakimbilia kalamu. Nikaurudisha. Nikazungusha kigurudumu: kipete kikang'aa, seli zikapotea. Nikaendelea hadi mia, nikaandika, "Sijaona vimelea."

Baada ya slaidi, kila mmoja aliingia peke yake kuulizwa maswali na yule mwalimu mwembamba. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaweka kidole kwenye jibu langu la saba.

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wenzako sita wameona malaria hapa. Na wewe jibu hili ukilikosa, hufikishi alama. Unajua hilo?"

Nilijua. Nilitaka kulia, nilitaka kumwambia ngoja kidogo nikaangalie tena. Lakini nilikuwa nimehesabu mia, na ubishi wangu, ambao umenigombanisha na watu wengi, safari hii ulinisaidia.

"Nimeona uchafu, mwalimu. Uko juu ya seli. Vimelea vingekuwepo ningeviona."

Akavua koti la maabara taratibu, akaninyooshea mkono wa kushoto. Kidole cha pete kilikuwa na plasta.

"Damu hii ni yangu," akasema. "Nimejichoma mwenyewe jana asubuhi, nikiwa mzima kama unavyoniona. Tangu mtihani uanze mnanipa malaria tu. Mmoja ameniandikia ile kali, ya kulazwa."

Nikaangua kicheko kabla sijajizuia. Naye akajikaza, akashindwa, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akasaini karatasi yangu kwamba nimepita. Nikamshukuru, halafu, kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, nikamwambia yeye hana malaria, asije akameza dawa za wale sita.