Ratili Moja ya Wilf Ottaway

Wilf Ottaway alisambaza barua hapa kijijini kwetu Kent kwa miaka arobaini, lakini usingemsikia akizungumzia barua. Yeye alizungumzia karpu wake, samaki mnene wa ziwani: asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuvua, Juni kumi na sita, 1958, chambo nusu kiazi cha kuchemsha, ratili thelathini na tisa na wakia mbili. Rekodi ya ziwa letu. Hata kwenye harusi ya binti yake alisimama kumsifu bibi harusi, akaishia kumsifu samaki. Tulimpenda, lakini jamani, alituchosha.

Mkewe, Winifred, alimletea chai na mikate kando ya ziwa miaka yote hiyo bila kugusa ufito wa kuvulia. Kiangazi cha 1986 akaja na kibali chake mwenyewe cha kuvua.

"Nimechoka kuhesabu mabata," alisema.

"Utatoka kapa, mke wangu," Wilf akamwambia. "Karpu anataka subira."

"Nimekaa na wewe miaka thelathini. Subira ninayo."

Akatundika kwenye ndoano ukoko wa mkate wake wenye jamu. Wilf alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka pale, na kusema kweli nilicheka pia. Dakika ishirini baadaye ukoko ukazama na mshipi ukaanza kukimbia.

"Mwachie! Mwachie aende!" Wilf akapiga kelele. "Inua ufito! Siyo hivyo!"

"Ninyamazie, Wilf!"

 Winifred alivutana na yule samaki hadi kofia ikamdondoka, nami nikaingia majini na wavu. Alikuwa Kibonge, jike mzee mwenye magamba machache ubavuni, ambaye nusu ya wanachama wa chama chetu cha wavuvi walikuwa wanamwota. Tulimlaza kwenye nyasi mbichi, Winifred akambembeleza kama mtoto mwenye homa.

Mpimaji wa chama alikuwa Wilf mwenyewe. Alifanya kama alivyotufundisha sote: alilowanisha mfuko wa kupimia, akautundika mtupu kwenye mizani, akarudisha mshale kwenye sifuri, ndipo tukamtia samaki. Ratili thelathini na nane na wakia kumi na nne.

Wakia nne tu chini ya rekodi!

"Umepona, mzee," Winifred akasema huku akicheka, akamrudisha Kibonge majini. Nilimpa Wilf mkono wa pongezi. Hakuupokea. Alikaa kwenye kiti chake akiutazama ule mfuko unaochuruzika.

"Percy," akaniambia, "mwaka ule wa hamsini na nane nilipimia gunia."

"Wote tulipimia gunia."

"Nilirudisha mshale kwenye sifuri likiwa kavu. Samaki alipoingia, likalowa chapachapa." Akaukamua ule mfuko. "Nililipima baadaye nyumbani. Likilowa uzito unazidi kwa ratili moja na ushee."

Kwa hiyo samaki wake hakuwa amefika hata ratili thelathini na nane na wakia mbili; Kibonge alimzidi. Nikamuuliza amejua lini.

"Kabla sijawafundisha nyie kulowanisha. Unadhani nilijifunzia wapi?"

Nilikasirika, sikufichi. Miaka yote hiyo ya kusikiliza! Kisha hasira ikaniisha. Mtu huyu hakuwa na sifa nyingine duniani, na alikuwa ameitoa mwenyewe, mbele ya mkewe, bila kuulizwa.

Jioni ile ile tulikwenda kwenye kibanda cha chama. Ubao wa rekodi ulisema: W. Ottaway. Nikamnong'oneza, "Wilf, badilisha uzito na mwaka tu. W ni ile ile, yako na yake. Nani atajua?"

"Mimi," akasema, akapanda ngazi na kopo la rangi.

Alikwangua mstari wote. Akaandika jina la mkewe kirefu, polepole, ulimi nje, hadi herufi zikabanana na tarakimu. Winifred alishikilia ngazi huku machozi yakimtoka na kicheko kikimbana.

"Wilf," akasema, "jina langu lina f moja."

"Najua."

"Umeandika mbili."

Wilf alitazama ubao, akamtazama mkewe kule chini. "Hiyo iliyozidi," akasema, "ni ya uzito wa gunia. Iache."

Tukaiacha.