Msichana wa Pili wa Darasa la Sita

Kila fundi wa gereji iliyo nyuma ya duka langu hapa Embu anapogonga rimu ya gari, mkono wangu wa kulia huniwasha. Shuleni kwetu, kule Kiambere, kengele ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mgunga, na mpiga kengele nilikuwa mimi.

Darasa zima la sita lilikuwa wavulana, isipokuwa mimi. Wasichana wengine waliondoka mmoja mmoja. Huyu kaolewa, yule karudishwa kuchunga mbuzi. Wala sikusikitika. Nilikuwa na dawati langu peke yangu, na mwalimu mkuu akiniita "malkia wetu". Nani kama mimi?

Halafu akaja Wawira, binti wa kaka yake mwalimu mkuu, kutoka Kianjokoma, huko juu kwenye chai na baridi. Na viatu miguuni! Sisi wote tulikuwa pekupeku. Akaketishwa kwenye dawati langu. Wiki haijaisha, akapewa chuma cha kupigia kengele, eti tupokezane. Nilimwonea wivu, siwafichi. Aliponiletea nduma za kuchemsha kutoka kwao, nilimwambia, "Kula mwenyewe, sisi hatuli mizizi ya matope." Na huku mate yananijaa mdomoni! Kila usiku nilimwomba Mungu amrudishe kwao. Mungu akanyamaza, tukamaliza shule dawati moja, kila mtu kivyake.

Miaka mingi baadaye, tukichambua maharagwe ya njahi jikoni, mama alinitajia jambo kama anayetaja bei ya chumvi. Kabla Wawira hajaja, baba alikuwa ameshaapa kunitoa shule.

"Alisema hawezi kuacha msichana mmoja katikati ya wavulana wote wale," mama akasema. "Mwalimu akamuuliza, 'Mzee, na nikimletea mwenzake?'"

Ati nini? Kumbe yule niliyemwombea aondoke ndiye aliyenibakiza darasani.

Nilipanda hadi Kianjokoma kumtafuta. Nikamkuta Wawira shambani, kikapu cha chai mgongoni, nikamsimulia yote aliyoniambia mama. Alicheka sana, kisha akakitua kikapu chini.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nililia njia nzima. Nilitolewa kwa mama niende nikae na wewe kwenye jua lile, na hata nduma zangu ukakataa."