Taa ya Nasma na Jicho la Hatibu

Hatibu alikuwa mtu wa bisibisi. Kitu kizima kilimkera mpaka akifungue, akichungulie, akifunge tena, na skrubu moja ibaki mkononi haina pa kwenda. Feni ya chumbani ilimfia mikononi. Pasi iliingia nzima ikatoka haipati moto. Tangu astaafu kupima katani ghalani, alichojua kuleta nyumbani ni mabovu ya watu. Nasma, mkewe, alishaacha kumgombeza. Alikuwa akimdharau tu, na mtaa mzima wa Chumbageni ulijua.

Kitu kimoja alimkataza kukigusa: taa ya vioo vya rangi na shanga za kuning'inia, ambayo marehemu mama yake aliinunua Mombasa akaipakata mapajani mpaka Tanga. Ilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Nasma mwenyewe mahali pake palikuwa mkekani, ukumbi wa ndani, mkabala na mlango wa sebule, akisuka ukili huku akiiona taa yake. Kila magharibi aliinuka, akashika goti lake bovu, akasema "Ya Rabi," akaenda kuiwasha. Siku wakija watu kumposa binti yao Zuleha, taa hiyo ndiyo ingewapokea. Hilo aliliapia.

Basi siku aliyorudi kutoka msibani Tongoni alimkuta Hatibu ameilaza taa mapajani, nyaya nje, moshi wa risasi ya kulehemu unamfuka usoni. Pembeni palikuwa na televisheni mbovu aliyokwisha kuing'oa jicho, kile kidude cheusi kinachopokea amri ya rimoti.

"Baba Zuleha, hiyo ni ya mama yangu."

"Naitia rimoti, Mama Zuleha. Uwe unaiwasha umekaa."

"Sema uwe unaiwasha wewe umekaa. Mimi nina miguu."

Mwanamume mzima, aliwaza Nasma, anaogopa safari ya kutoka kochini mpaka kabatini. Wenzake wana mashamba, wana vyombo baharini, huyu ana gamba la televisheni. Akaenda zake jikoni kuchambua mchele kwa hasira.

Hatibu alimaliza asubuhi ya siku ya posa yenyewe. Akamnyooshea mkewe rimoti. "Kaa hapo mkekani kwako ujaribu."

"Siigusi. Wageni wanakuja leo, na ole wako isiwake."

Wageni walifika baada ya alasiri, wametoka Pangani na mvua. Wanaume wakakaa sebuleni kwenye makochi, wanawake wakapitishwa ukumbini, pazia likashushwa mlangoni kama ilivyo ada. Wingu likatia giza. Mzee Mwinyijuma, aliyeongoza msafara, akaitazama taa ile akasema uzuri huo haufai kukaa gizani.

"Mwambie mwenye nyumba aiwashe kwa rimoti yake," Nasma akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Hapa nilipo haishiki," Hatibu akajibu polepole.

"Haya, rimoti gani hiyo inayochagua pa kushika?"

Wanawake wakacheka. Hatibu akabonyeza kutoka kochini; taa isiwake. Akabonyeza tena, akaipigapiga kiganjani, akainuka akalielekea pazia.

"Unakuja wapi huku, Baba Zuleha? Kuna wake za watu."

Akasimama katikati ya sebule, rimoti mkononi, hajui aende wapi. Nasma hakumwachia. "Mtusamehe, wazee wangu. Huyu ndiye mume wangu. Kipaji chake ni kukikuta kitu kizima na kukiacha kibovu." Sasa wakacheka na wazee. Hatibu akarudi akakaa, akatabasamu kama mtu aliyeng'atwa na siafu mbele ya wageni. Mtu akawasha balbu ya darini, barua ikasomwa, posa ikapita.

Wageni walipoondoka, Hatibu akaenda msikitini. Nasma akafunga pazia pembeni, akajitupa mkekani. Zuleha alikuwa ameleta rimoti ndani kwenye sinia la vikombe. Nasma akaichukua atoe betri zake azitie kwenye saa ya ukutani, kidole kikagusa kitufe, na taa ya mama yake ikawaka. Nyekundu na buluu zikatambaa ukutani.

Akaizima. Akaiwasha. Akainuka na goti lake mpaka kochini alikokaa Hatibu, akabonyeza, haikuwaka. Ndipo akainama akaitazama vizuri. Jicho jeusi lilikuwa chini ya ukingo wa taa. Lilitazama mlangoni, moja kwa moja mkekani kwake, na kwingine kokote halikuona.

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Hatibu aliporudi, Nasma akaificha rimoti chini ya ukili. "Chakula kipo," alisema.

Nitamwambia asubuhi, aliwaza. Asubuhi alipotoka chumbani, Hatibu alikuwa anafunga skrubu ya mwisho. Jicho lilikuwa mezani, tundu limezibwa kwa gundi.

"Nimeirudisha ilivyokuwa," alisema. "Kitu cha mama yako kizima hicho."

"Ungeiacha, Baba Zuleha."

"Hapana. Ulisema kweli." Akazikusanya bisibisi zake kwenye kopo, akalifunika.

Magharibi ilipoingia Nasma aliinuka mkekani, akashika goti, akaenda kuiwasha taa. Hatibu alikuwa kochini, ameinamisha uso. Safari hii Nasma hakusema "Ya Rabi," maana Hatibu angesikia.