Mwalimu wa Kukaa

Shuleni walimwita baba yangu Mwalimu wa Kukaa. Nilikuwa kidato cha tatu, msichana wa dawati la nyuma, wa kujibu kwa kutikisa kichwa, na utani ule ulinipata kila Jumatatu.

"Mambo," ananianza mvulana mmoja wa darasa letu.

"Poa."

"Eti mzee bado anafundisha watu kukaa? Bibi yangu amekaa tangu ujana wake na hajapewa cheti."

Wanacheka. Nami nacheka kidogo ili waniache.

Kabla ya hapo baba alikuwa mkaguzi wa mahindi kwenye ghala la kampuni ya umma. Kazi yake ilikuwa bambo: kile chuma chenye mfereji na ncha kali, unakichoma kwenye gunia, punje zinateremka kiganjani, unajua kama katikati wameficha mahindi mabichi. Wakulima wa Kate na Namanyere walimwogopa. Gunia halina siri, ndivyo alivyokuwa akisema. Halafu likaja soko huria. Wafanyabiashara wakaingia na malori hadi mashambani, wakanunua kwa macho tu, ghala likafungwa. Baba akapunguzwa. Neno lenyewe ndilo hilo, kupunguzwa, utadhani nywele.

Mwaka huohuo mama akaugua kifua. Siku aliyofariki, baba alikuwa Mbeya akifuatilia karatasi zake za kazini. Aliyekuwa kando ya kitanda ni mimi. Naandika hili wazi kwa sababu ndilo linaloniwasha: mchana ule mama alisema maneno, na baba hakuwahi kuniuliza ni maneno gani. Alirudi kesho yake, akakuta watu wamejaa uani, akapewa kiti. Tukaanua matanga. Nikangoja. Nilimngoja akila, akinyoa ndevu, akifunga kamba za viatu.

Baadaye akaenda kwenye mafungo ya sala kule misheni ya Kaengesa. Huko sista mmoja mgeni aliwafundisha kukaa macho yamefumbwa, kufuata pumzi ikiingia na kutoka. Baba akarudi amekonda, sauti imeshuka, akatangaza kwamba amepata kazi mpya. Atafundisha utulivu.

Shangazi alikuwa jikoni kwetu siku hiyo. "Utulivu nao unafundishwa? Si mtu ananyamaza tu?"

"Kunyamaza na kutulia ni vitu viwili, dada."

"Basi wewe anza kwa kuchagua kimoja."

Nilimpenda sana shangazi siku ile.

Baba akaazimwa darasa la shule ya msingi kila Jumamosi. Walikuja waliopunguzwa kama yeye, wakaja wajane, wakaja na wadadisi. Bambo akalifanya kengele: lilining'inia kwa kamba dirishani, na mimi nilipewa kijiko cha kuligonga, mara moja kuanza, mara moja kumaliza. "Pumzi ni bambo," aliwaambia. "Ichome ndani, itakuletea kilichomo. Usikikimbie, kitazame." Kuna siku dereva wa zamani wa ghala alilia mbele za watu. Baba alimshika bega mpaka akamaliza. Nilikuwa nimesimama na kijiko changu, nikihesabu muda aliomshika.

Neno lake kubwa lilikuwa pumzika. Alilivuta, pumzi-ka, ili tusikie pumzi iliyomo. Kwamba kwetu neno hilo tunaliandika pia kwenye misalaba ya makaburi, hakulifikiria.

Jumamosi moja akaja mama mmoja wa Kisukuma, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe. Alikuwa amezika mtoto wakati wa mvua. Aliketi mbele kabisa.

"Fumba macho, mama. Pumzika."

Hakufumba. "Nani, mimi?"

"Ndiyo. Pumzika."

"Mwalimu, aliyepumzika ni mwanangu. Mimi unaniona bado nahema."

Mtu wa nyuma aliguna. Baba akaeleza habari za pumzi na kupumzika, na yule mama akasikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza bwana mifugo.

"Nimeelewa," akasema. "Na wewe umezika nani?"

Baba akatazama sakafu. "Turudi kwenye pumzi."

"Nauliza tu, mwalimu. Anayenionyesha njia si lazima awe ameipita?"

"Turudi kwenye pumzi, mama."

Nikagonga bambo. Muda ulikuwa haujafika. Watu wakafumbua macho, wakanyoosha miguu, wakidhani tumemaliza.

"Amezika mke," nikasema. "Mama yangu."

Mimi, niliyeshindwa hata kusoma aya kwa sauti darasani.

Baba hakunitazama. Njiani alitangulia. Mlangoni akasema, "Umenivurugia somo. Jumamosi ijayo baki nyumbani. Nitagonga mwenyewe."

Nikabaki. Nilikuwa uani napepeta ulezi yule mama alipoingia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Yuko darasani."

"Huko siendi tena. Nimekuja kwako."

Akaketi, akavuta ungo wa pili, akaanza kupepeta bila kuambiwa. Akanisimulia mwanawe: alivyowapigia ndama mluzi, alivyokataa maziwa yenye utando. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, "Na mama yako, siku ya mwisho alisema nini?"

Hivyo tu. Baba alikuwa na miezi minane ya kuuliza. Huyu hakumaliza hata ungo mmoja.

Nilikuwa nimeanza kueleza baba alipoingia, bambo kwapani. Sikunyamaza. Nikasema kwamba mama aliuliza mara tatu kama baba amefika, na mara ya tatu nikamdanganya, nikamwambia basi limeshapita Laela, amekaribia. Mama akasema, basi mchemshieni maji ya kuoga, barabara ina vumbi. Hakusema kingine.

 Baba akamwambia mgeni, "Habari za huko, mama," akapita ndani, akashusha pazia la mlango.

Yule mama alinitazama, akarudi kwenye ulezi. Nyuma ya pazia tulimsikia baba akivuta pumzi na kuhesabu, vilevile anavyofundisha. Akafika kumi. Akaanza tena moja.