Mkono Niliompa Balozi

Nikinusa majani ya tumbaku yanayokaushwa, najikuta tena Malakisi kwa nyanya yangu, Kukhu, nina miaka tisa, nimevaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo nzima pekee niliyokuwa nayo. Mama alinitoa darasani huko Matisi, Kitale, twende tumzike ndugu yake.

Mjomba Wekesa alikuwa askari kwenye kambi ya mpakani, mbali kaskazini. Mchana mmoja, wakila githeri, ndege ya jeshi la nchi rafiki ilivuka mpaka ikawapiga kwa makombora. Redio ikasema ni tukio la kusikitisha. Serikali yetu ikamwita balozi wetu arudi nyumbani, ikanguruma siku chache, kisha ikanyamaza kama mbwa aliyetupiwa mfupa.

Siku ya mazishi, balozi wao alikuja na shada la maua. Afisa wetu mmoja alitangulia kumwandaa Kukhu.

“Mama, akikusalimia mpokee tu. Sema ni ajali. Hawa ni marafiki zetu.”

“Ati tembo wakipigana, nyasi huumia,” Kukhu akamjibu. “Hawa si hata hawakupigana!”

Balozi akanyoosha mkono. Kukhu akaiacha mikono yake ndani ya leso.

“Rubani anaitwa nani?” akauliza. “Jina la mwanangu liko hapo kwenye sanduku. La aliyemuua liko wapi?”

Balozi akamtazama afisa. Afisa akatazama viatu vyake.

Mimi niliona aibu. Nilikuwa nimefunzwa kwamba mgeni hanyimwi salamu. Basi nikajitokeza, nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, na kamera zikaanza kulia.

Gazeti lilipofika, picha yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza: “Familia Yasamehe.” Nilikimbia nalo jikoni nikiringa. Kukhu hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea mwenyewe, kwa sauti kubwa, kama niko mbele ya mwalimu. Akaacha kusonga ugali.

“Nani aliwaambia hivyo?”

 Ugali ukaungua, na hakuna aliyekula.

Mwezi uo huo balozi wetu alirudi kazini kwake. Kukhu alikufa bila kuambiwa jina la rubani.

Miaka mingi nilidhani alinikasirikia mimi. Leo nina binti wa umri ule, na ninaelewa. Kukhu, mtu mzima, alikataa mbele yao, wakachukua jibu kwa mtoto asiyejua kukataa. Mimi nilisalimia mgeni tu. Kusamehe, hatujasamehe.