Kulala Mbele ya Mkwe

Mkwe wangu na binti yangu walipokuja Sumbawanga kutuchukua, mimi na mjukuu, binti alilala kwangu na mkwe akalala gesti karibu na stendi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nyumba yangu ina vyumba vya kutosha na vitanda vilikuwa vimetandikwa, lakini yeye ni mtoto wa Kalambo, amelelewa, anajua kwamba mama mkwe na mkwe hawalali chini ya bati moja. Asubuhi alikuja akasimama nje ya mlango, akasema shikamoo huku anatazama mahindi ya jirani, nami nikaitikia marahaba huku natazama kuku. Kwa namna hiyo tunapendana sana.

Mjukuu nilikaa naye tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu wazazi wake wanafanya kazi ng'ambo na walikuwa hawana wa kumwachia. Sasa walipata mahali pa kumlea mchana, wakamtaka mtoto wao, na wakanitaka nami niende miezi michache nimzoeshe. Mtoto alikuwa hajafikisha miaka miwili na alikuwa na sheria moja tu ya kulala. Najilaza mimi kwanza, kwa ubavu. Yeye anajibana kifuani, anaingiza mkono kwenye ukosi wa gauni langu, halafu ndipo anafumba macho. Nikikaa kitako, naye anakaa kitako kunilinda.

Kampuni ya mkwe ilikata tiketi za kule mbele, kwenye viti vya wakubwa. Binti alinieleza kwa furaha kwamba kiti kinalala chote kinakuwa kitanda. Wanawake wenzangu wa jumuiya walinitania: "Sisi tunavuna ulezi, wewe unakwenda kulala angani!" Nami nikajitapa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nilisema watoto wa wenzangu watalia mpaka ndege itikisike, lakini wa kwangu, mradi bibi yake yupo, hatasikika. Katika kujitapa kote huko sikujiuliza hata mara moja mkwe atakuwa amekaa wapi.

Alikuwa amekaa palepale. Mimi dirishani na mtoto mapajani, kisha kijia, kisha binti yangu, kisha yeye. Kikuta cha kutenganisha viti kilinifika kiwiko. Chakula kilipoletwa niligeukia dirisha, nikala nikiyapa mawingu uso na mkwe mgongo, na sidhani kama nilimeza kitu kwa raha. Hilo niliona nimelishinda. Ilikuwa bado mchana, lakini wahudumu walishusha vipazia vya madirisha vyote, wakapunguza taa, na watu wakaanza kulaza viti vyao. Mzee mmoja wa Kizungu alivua viatu, akajilaza chali mbele ya halaiki kana kwamba yuko kwake.

Mtoto alisugua macho. Alinitazama. Alinivuta gauni nishuke. Nilimpakata, nikampigapiga mgongoni, nikamwimbia kwa Kifipa kwa sauti ya chini. Alinivuta tena, kisha akaanza kulia.

Binti alimchukua. Mtoto akampiga mama yake teke la tumbo, akalilia kurudi kwangu. Aliporudi na kuniona bado nimekaa wima, alilia zaidi. Nilitaka kumfunga mgongoni kwa kitenge nitembee naye, lakini ndege ilikuwa inarukaruka na taa ya mikanda imewaka. Watu wakaanza kugeuka. Yule mzee akavaa vitu vya masikioni na kushusha pumzi ndefu, nami nikaisikia mpaka kwenye mifupa.

"Mama, lala basi," binti aliniambia.

"Nilale wapi?"

"Hapo hapo. Hicho ni kitanda."

"Na baba yake je?"

"Mama, hii ni ndege. Hapa hakuna nyumba."

"Bati lipo," nikamjibu. "Au hilo juu yako ni nini?"

Binti alifumba macho kwa hasira. Alisema mtoto atapoteza sauti kwa ajili ya mila zangu. Nilimwambia zilikuwa mila zake pia kabla hajajua kupanda ndege. Tulikuwa tunabishana kwa Kifipa mbele za watu, na mtoto anapiga kelele katikati, na mkwe anasikia kila neno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mhudumu, dada mwenye huruma, hakujua lolote kati ya hayo. Alikuja akatabasamu, akabonyeza kitufe, na kiti kikaanza kunilaza. Miguu yangu ilikwenda juu! Nilipiga ukelele, "Yesu na Maria!" nikashika kingo kwa mikono yote miwili na kuuvuta mwili wangu ukae. Mkwe alikuwa anatazama dari kwa bidii. Mtoto alipoona kitanda kimetokea alinyamaza, akajilaza, akanipigia godoro kwa kiganja nije. Sikwenda. Kilio kilichofuata kilikuwa cha mtu aliyedanganywa.

Hapo nilikuwa na aibu mbili na hakuna niliyoweza kuiweka chini. Nikilala nimejivunjia heshima kwa mkwe, nisipolala namtesa mtoto aliyenijia kwa imani. Nilianza kulia na mimi, bila sauti.

Mkwe alisimama. Alimnong'oneza mhudumu, akachukua viatu vyake mkononi, akapita upande wa pili wa viti ili asinipite mimi, akapotelea nyuma ya pazia kule kwenye viti vya kawaida.

"Anasema mgongo unamuuma, anakwenda kunyoosha miguu," binti alisema, bila kunitazama.

Nilijilaza. Mtoto aliingiza mkono kwenye ukosi, akashusha pumzi za kwikwi mbili tatu, akalala. Nami niliyesema nitafumba macho kidogo tu, nililala kweli, na binti ameniambia nilikoroma.

Nilipoamka mtoto alikuwa bado mzito mkononi. Nilimwachia mama yake nikaenda kutafuta choo. Cha mbele kilikuwa na mtu, mhudumu akanionyesha cha nyuma, nami nikafungua pazia bila kufikiri.

Mkwe alikuwa kwenye safu ya tatu, kiti cha katikati, kati ya kijana mmoja mnene na mama mwenye mtoto. Ni mtu mrefu. Magoti yake yalikuwa yamekwama kwenye kiti cha mbele, shingo imeanguka upande, mdomo wazi, mate yanamshuka kidevuni. Nilimwona hivyo, wazi kabisa, na macho hayana mfuniko wa haraka. Nilijitupia kitenge usoni nikarudi nilikotoka, choo nikakisahau.

Yeye alijitoa kitandani ili mama yake mkwe asionekane amelala. Mimi nikatembea kwa miguu yangu mwenyewe kwenda kumwona.

Alirudi vipazia vilipofunguliwa. Alikuwa amenawa uso na kuchomekea shati vizuri. Alisimama mbali kidogo, akatazama dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mmepumzika?"

"Tumepumzika. Na wewe?"

"Nimelala vizuri sana, mama," alisema, na shavuni mwake bado palikuwa na alama ya mshono wa kiti.

Sikuweza kumwambia asante, maana angejua ninachomshukuru. Nilimwambia, "Tunamshukuru Mungu," nikainama kumvalisha mtoto soksi ambazo alikuwa amekwisha kuvaa.