Harambee ya Ushuru

Siku nilipomwona Perez mara ya kwanza, alikuwa akimtupia mwenzake suruali kifuani. "Shona tena. Zipu hii itamwaibisha mtu Amerika!" Laini nzima ya washonaji ilicheka. Mimi nilikuwa napiga pasi mwisho wa laini hiyo, katika kiwanda cha nguo za kuuzwa Amerika hapa Ruiru, na sikuthubutu kumsalimu.

Alitoka Siaya. Alipanga chumba Mwihoko, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe, Calvince. Hakuwa na nyingine.

Mwaka jana meneja alituita akasema Amerika imeweka ushuru kwa nguo zetu, na wanunuzi wanapunguza oda. Sisi ushuru tunaoujua ni wa sokoni. Askari wa kaunti anakusimamisha na gunia lako la sukuma wiki, unalipa, anakupa tikiti, unapita. Perez akainuka.

"Kama ni ushuru, si tuulipe? Tufanye harambee. Siku moja kila wiki tushone bure, mzigo upite."

"Mama Calvince, sasa umlipie Mzungu suruali?" akamtania Njau, mkata vitambaa.

"Avae tu, bora nishone!"

Meneja alijua kwamba ushuru huo si tikiti ya soko. Unatozwa huko Amerika, kila mzigo ukifika, na serikali ya huko ikiamka vibaya inaupandisha. Angeweza kutueleza kwa maneno machache. Badala yake alipiga makofi, akasema huo ndio uzalendo, akachagua Jumamosi.

Perez ni Msabato, na Jumamosi kwao ni siku ya ibada, si ya kazi. Alikuja hata hivyo, kwa sababu wazo lilikuwa lake, akashona bila kuimba wala kuongea na mtu. Kanisani kwao walimtoa kwaya.

Miezi ikapita. Kisha vitambaa kutoka China vikaacha kuja, maana mnunuzi alikuwa amehamishia oda nchi nyingine. Meneja akatangaza kwamba laini ya suruali inaenda likizo bila malipo. Ukifutwa kazi, kuna haki yako ya kulipwa. Ukiwa likizo, huna la kudai. Wakubwa walijua walichokifanya walipochagua neno hilo.

"Na Jumamosi zetu?" Perez akauliza.

"Mama, hizo mlijitolea."

Alijibu hivyo huku akiangalia simu. Mimi nilihamishiwa pasi ya mashati, nikabaki na kazi. Kule Amerika hakuna aliyejua jina la Mwihoko alipopandisha ushuru wake. Huyu wa hapa alitujua kwa majina, na akatudanganya.

Perez alipohama kurudi Siaya, nilienda kumsaidia kufunga godoro. Majirani walikuwa wakimwambia asijali, likizo huisha. Tulipomaliza kukaza kamba, akanigeukia.

"Baba Lynn, wakikuuliza huko kazini, usiseme niko likizo. Sema nimefutwa."